Mashine ipi ya wembe inanyoa karibu bila kuacha vipele?

Swali: "Fundi, habari ya kazi. Nina miaka 27, naishi Kayole na nafanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja mjini. Kazini wanataka kidevu safi kila siku. Nimetumia zile za plastiki zenye nyembe tano kichwani hadi shingo imejaa vipele na alama nyeusi. Rafiki amenishauri nihamie mashine ya chuma ya wembe mmoja, ile waliyotumia wazee. Nimetafuta kwenye simu nikachanganyikiwa: Merkur 34C, Mühle R41, Edwin Jagger, Henson, Rockwell, na hapa River Road kuna ile inayofunguka juu kama mabawa. Ipi inanyoa karibu zaidi, na ipi haiumizi? Nina pesa ya kununua moja tu."

Jibu: Ndugu yangu, kwanza tuelewane kwa maneno. Hapa Nairobi ukimwambia kinyozi alete mashine, ataleta ile ya stima. Mimi katika jibu hili nikisema mashine, nasema hiyo ya chuma yenye kofia, sahani na mpini. Na wembe ni kile kibati chembamba chenye makali pande mbili kinachofungwa katikati. Wembe huo vipimo vyake ni vile vile popote uendapo: urefu milimita 43, upana 22, unene moja ya kumi ya milimita. Ule wa kioski cha jirani yako unaingia katika mashine ya Ujerumani bila ubishi. Kwa hiyo unapolinganisha mashine, unalinganisha jinsi kila moja inavyoushika wembe na inavyouachia utokeze nje. Mengine ni uzito na urembo.

Nikujibu upesi, halafu nieleze. Katika ulizozitaja, inayonyoa karibu kuliko zote ni Mühle R41. Na ya mwisho ambayo ningekuwekea mkononi, wewe mwenye shingo ya vipele, ni hiyo hiyo R41.

Sababu iko kwenye nywele zetu wenyewe. Unywele wa kipilipili hauchomoki ngozini wima kama mti wa mnazi. Unatoka umelala na umepinda. Ukiukata, ncha inabaki kali kama kijiti kilichokatwa mshazari. Hapo kuna njia mbili za kuharibikiwa. Ya kwanza, unywele unaota nje, unajikunja, unarudi kuchoma ngozi ya jirani kama mwiba. Ya pili ni mbaya zaidi: unywele uliokatwa chini ya usawa wa ngozi unaanza kuota ukiwa bado ndani, unakosa mlango, unatoboa ukuta. Mwili unauona kama mgeni na kuupigia ngome. Hicho ndicho kipele, na ukikiminya unapata ile alama nyeusi uliyoitaja.

Sasa fikiria hizo nyembe tano. Mwaka 1971 Gillette walitoa Trac II, kichwa chenye nyembe mbili zilizofuatana. Wembe wa kwanza unaukamata unywele na kuuvuta kidogo; kabla haujarudi shimoni, wa pili unaukata tena. Unywele ukirudi, unakuwa umejificha chini ya ngozi. Baadaye zikaja nyembe tatu, nne, tano. Mtu mwenye nywele zilizonyooka akifanyiwa hivyo anapata shavu la mtoto mchanga, na hana neno. Mimi na wewe tunapata sahani ya ndengu shingoni.

Kwa hiyo ukaribu kwako una mpaka, na mpaka wenyewe ni usawa wa ngozi. Mashine inayofika hapo imemaliza kazi. Inayopita hapo utailipa siku ya tatu. Rafiki yako kakushauri vyema, kwa sababu wembe mmoja hauna mwenzake wa kumalizia unywele uliovutwa. Lakini hata wembe mmoja unaweza kukupitisha mpaka, ukiwa katika mashine kali na mkono wenye pupa.

Ukali wa mashine unauona kwa macho. Ishike usawa wa jicho, itazame kwa ubavu. Kati ya makali ya wembe na ukingo wa sahani ya chini kuna mwanya. Huo ndio unaoamua ni kiasi gani cha ngozi kitafura na kuingia chini ya wembe. Kisha vuta mstari kwa mawazo kutoka ukingo wa kofia hadi ukingo wa sahani. Makali yakiwa ndani ya mstari, mashine ni pole. Yakichungulia nje ya mstari, ni kali. Watu wengi huangalia mwanya peke yake kwa kuwa ndio watengenezaji hupenda kuuandika, lakini mimi huo mchomozo naupa uzito zaidi. Nimeshika mashine yenye mwanya mpana ikaninyoa kwa upole, na yenye mwanya mdogo ikanichuna. La tatu ni namna wembe unavyobanwa. Kibati cha moja ya kumi ya milimita kisipobanwa karibu na makali kinatetemeka kila kikigonga unywele mgumu, nao mtetemo huo ndio unaoacha ngozi ikiwaka moto bila hata tone la damu.

Mimi nilizijaribu hizi kwa uso wangu, si kwa nyuso za wateja. Mdogo wangu anaishi Ujerumani, na mteja mmoja anayesafiri sana alizoea kuniletea zawadi za chuma badala ya chokoleti. Utaratibu wangu ni huu: shavu la kushoto mashine moja, la kulia nyingine, wembe wa aina moja, povu moja, siku moja. Wiki inayofuata nabadilisha pande, kwa kuwa mkono wa kulia haunyoi mashavu yote mawili sawa. Sitoi hukumu siku hiyo. Natoa siku ya tatu, nikipapasa shingo kwa vidole asubuhi kabla ya kuosha uso. Mashine nyingi hushinda siku ya kwanza zikashindwa siku ya tatu.

R41 niliingia nayo kwa kiburi. Wazee walisema mtoto akililia wembe mpe, na mimi nilijililia mwenyewe. Ukingo wake wa chini ni meno wazi kama kitana, mwanya wake ni mpana, na wembe unachungulia waziwazi. Inatengenezwa Stützengrün, Ujerumani, na ni kazi safi ya chuma. Kwenye ndevu za wiki nzima inapita kama fyekeo kwenye nyasi changa: povu na nywele vinatoka kati ya meno, hakuna kuziba. Nilipomaliza, shavu lilikuwa laini hata nikaona aibu kulipapasa mbele za watu. Nilijikata mara mbili karibu na kikoromeo, na kosa lilikuwa la mkono wangu uliozoea kukandamiza. Siku ya tatu vilitoka vipele kumi na moja, nilivihesabu. Kwa mtu wa nywele nyoofu na ngozi ngumu, R41 ni mali. Kwa shingo yako ni deni.

Edwin Jagger DE89 na Mühle R89 nitazisema pamoja, maana ni ndugu wa kichwa kimoja. Kampuni ya Sheffield, Uingereza, na ile ya Ujerumani zilikibuni kichwa hicho kwa ushirikiano. Tofauti iko zaidi kwenye mipini. Ukingo wake umefungwa, hauna meno, mchomozo ni wa kiasi. Inasamehe. Ukikosea pembe kidogo inakunguruma tu, haikukati. Ina uzito wa kutosha kufanya kazi bila wewe kuisukuma, na hilo kwa mtu anayetoka kwenye plastiki ni muhimu kuliko unavyodhani. Plastiki imekufundisha kukandamiza kwa sababu haina uzito wake yenyewe. Chuma ukikikandamiza kinakukumbusha.

Merkur 34C ya Solingen inakaribiana nazo sana. Ina gramu 78 hivi, mpini mfupi mnene, na vipande viwili tu: unazungusha kitako, kofia inaachia. Nilipoilinganisha na R89 shavu kwa shavu, niliona 34C inamaliza kazi kidogo mapema zaidi, yaani awamu moja ilinitosha mahali ambapo R89 iliacha kivuli. Kwa upole zilikuwa sawa kwangu, na anayekuambia moja inaipita nyingine mbali ana mashine ya kuuza. Wenye vidole virefu hulalamikia ule mpini mfupi. Mimi naupenda, unanizuia kushika kwa ngumi.

Henson ni mnyama wa peke yake. Inatoka Kanada, kwenye karakana iliyozoea kuchonga vipuri vya ndege, na imechongwa kwa alumini hadi uzito wake ni gramu 37, nusu ya Merkur. Katika ile yao ya upole, wembe unachomoza milimita 0.033, chini ya unene wa unywele wa kidevu. Umebanwa karibu sana na makali, hautetemeki. Pembe ya nyuzi 30 imejengwa ndani ya kichwa: unalaza kofia bapa juu ya ngozi na kuteremsha, basi. Kwa upande wa kutoumiza, sijashika mashine iliyonizidi raha hiyo. Kasoro yake ni kwamba haipendi ndevu ndefu. Njia ya kutolea povu ni nyembamba, na ndevu za siku nne zinaiziba hata unashinda ukiisuuza kwenye beseni. Kwako unayenyoa kila siku au kila siku mbili hilo si tatizo. La kuangalia ni wepesi wake, kwa kuwa mkono uliozoea plastiki utadhani umeshika plastiki tena na kuanza kukandamiza.

Halafu kuna Rockwell, na hapa ndipo pesa yako ya mashine moja inapoanza kuwa na akili. Unapata sahani tatu za chini, kila moja ina nyuso mbili, kwa hiyo ngazi sita zenye namba. Mwanya unaanza milimita 0.20 kwenye namba 1 na kufika 0.79 kwenye namba 6. Ukitaka kubadilisha ukali unageuza sahani, unafunga, unaendelea. Mimi shingo naipitia kwa namba 2 na mashavu kwa namba 3, na siku nikitoka likizo na ndevu za juma natumia 5 kuvuna, narudi 2 kumalizia. Namba 6 niliijaribu mara moja nikaifungia kabatini. Ziko mbili: 6S ya chuma cha pua, ya kurithisha wajukuu, na 6C ya aloi ya zinki iliyopakwa kromu, ya bei nafuu zaidi. Vichwa ni vya ramani moja. Chukua 6C. Hizo shilingi zilizobaki zina kazi nyingine nitakayokutajia.

Kuna mashine nyingine za kurekebishwa kwa kuzungusha kitako au shingo badala ya kubadili sahani, kama Merkur Progress, au Gillette za zamani zenye namba 1 hadi 9 zilizoanza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Ni nzuri, ila zina sehemu nyingi za ndani zinazokusanya sabuni. Na kuna zile za wembe uliopindwa mshazari, ambazo hukata kama kisu kinachoteleza kwenye sukuma wiki badala ya kugonga wima. Zinamfaa mwenye ndevu ngumu sana. Kwanza jifunze ya kawaida.

Tuje River Road. Hizo za mabawa hazina ubaya wa asili. Unazungusha kitako, milango miwili inafunguka, unatupia wembe, unafunga. Raha yake ni kwamba hushiki wembe kwa vidole vyenye sabuni. Shida iko kwenye uangalifu wa mtengenezaji, kwa sababu hizi mbili tatu zinazofanana kama mapacha zinaweza kuwa moja nzuri na moja ya hatari. Niliwahi kununua moja isiyo na jina, nikaikuta wembe umetokeza upande mmoja zaidi ya mwingine. Upande wa kushoto ulikuwa unyoya, wa kulia ulikuwa kisu cha bucha. Ukienda kununua, beba wembe wako mfukoni ukiwa ndani ya karatasi yake. Ufunge pale pale kaunta, geuza kichwa kuelekea mwangaza, tazama kama makali yanachungulia sawa pande zote mbili na kama yamelala sambamba na ukingo. Utoe wembe, kisha pitisha kipande cha pamba kwenye kofia na ukingo wa chini. Pamba ikinasa popote, chuma hakikusafishwa. Mrudishie mwenye duka kwa heshima. Ikipita mitihani hiyo miwili, inunue bila haya. Nimewanyoa watu kwa kitu kama hicho wakanisifu.

Na kama una bahati ya mjomba aliyeacha mashine ya zamani kwenye sanduku, itafute. Marehemu baba yangu, karani wa reli, alikuwa na Gillette Tech ya Uingereza, aina iliyotoka kwanza mwishoni mwa miaka ya 1930. Ni ndogo, pole, haina mbwembwe. Baba alinyoa kwenda chini mara moja, akasuuza, akavaa tai. Nilipokuwa kijana nikimwambia ameacha majani shavuni, alinijibu kwamba yeye ananyoa, halimi. Hakuwahi kuwa na kipele hata kimoja shingoni. Ilinichukua miaka kumi na tano ya kazi ya kinyozi kuelewa kwamba yale majani niliyoyaona ndiyo yaliyomlinda.

Sasa wembe wenyewe, na hapa ndipo zile shilingi zilizobaki zinapokwenda. Usinunue pakiti mia za aina moja. Nunua aina tatu au nne, chache chache: Feather ya Japani, Astra, Derby ya Uturuki, Nacet ambayo kila mtu aliyekulia Kenya analijua jina lake. Feather ni kali kuliko hizo nyingine. Vijana huiogopa, lakini katika mashine pole naiamini, kwa sababu wembe mkali unakata unywele bila kuuvuta, na ule usiovutwa haurudi chini ya ngozi. Wembe butu katika mashine pole ni mateso: unapitisha mara tano mahali pamoja, na ngozi inachubuka kwa upole huo huo uliokuwa ukiutafuta. Kanuni yangu ni mashine pole kwa wembe mkali, na mashine kali kwa wembe mpole. Derby ndani ya R41 ilinivumilia kuliko Feather ndani yake.

Badilisha wembe baada ya kunyoa mara tatu au nne, hata kama unaona bado unakata. Watu hushangaa vipi chuma kigumu kinashindwa na unywele. Watafiti wa chuo cha MIT kule Marekani walilitazama jambo hilo kwa hadubini na kuandika kwenye jarida la Science mwaka 2020. Unywele ni laini mara hamsini kuliko chuma cha wembe, lakini ukikutana na makali ukiwa umeinama, mahali chuma hakilingani, unamega kipande kidogo. Hivyo wembe hauchakai kwa kusuguka tu, unavunjika meno. Na ndevu zilizolowa vizuri zinalainika, haziutesi wembe kama ndevu kavu.

Ndiyo maana ule usemi wa ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji, kwangu si fumbo, ni maelekezo. Oga kwanza, au lowesha kidevu kwa kitambaa cha maji ya moto dakika tatu. Julai asubuhi najua stima ikipotea hakuna maji ya moto bafuni, chemsha sufuria. Ukiwa unatumia maji ya kisima yenye chumvi, kama wengi wa Syokimau na Kitengela, povu halitasimama, basi weka chupa ya maji ya mvua au ya kunywa kwa ajili ya uso peke yake. Kikombe kimoja kinatosha. Sabuni ya kuogea ya kipande iache ioge. Tafuta krimu ya kunyolea na brashi, hata ile ya nyuzi za plastiki, na uizungushe hadi povu liwe kama maziwa yaliyochapwa, si mapovu ya kufulia.

Usinyoe kabla hujajua mlalo wa ndevu zako. Acha ziote siku mbili, pitisha kidole pande zote. Upande kidole kinapoteleza ndio mlalo; kinapokwama ni kinyume. Shingoni utashangaa, maana wengi wetu ndevu za upande mmoja zinapanda na za upande mwingine zinalala kuelekea sikio. Chora kwenye karatasi ukipenda, mimi nilichora. Kisha nyoa kwenda na mlalo, vipande vifupi vya sentimita mbili tatu, kofia ikigusa ngozi, mkono ukishika mpini kwa ncha za vidole. Sikiliza. Pembe ikiwa sawa unasikia mkwaruzo mwembamba, kama mtu anayekuna sufuria mbali jikoni. Mkwaruzo ukinyamaza, umeinua wembe. Ukipiga kelele, umeusimamisha mno.

Na usivute ngozi. Hili najua litakushangaza, kwa sababu kila video inakufundisha kuivuta ikaze kama ngoma. Ngozi ikivutwa unywele unatoka nje kidogo, unaukata, unaachia, na unywele unazama ndani. Umefanya kwa kidole chako kile kilichokuwa kikifanywa na nyembe tano. Awamu moja na mlalo, paka povu upya, awamu ya pili ikatize ubavu kama ngozi imekubali, na uishie hapo. Kinyume cha mlalo ni cha wengine. Mgeni wa hotelini anakutazama akiwa upande wa pili wa kaunta, hatakupapasa.

Ukimaliza, maji baridi. Lile jiwe jeupe la shabu ambalo wazee walisafishia maji linapatikana kwenye maduka ya viungo. Lilowesha, lipitishe juu ya ngozi, lisuuze. Linafunga vijidonda, na pia linakusengenya: mahali litakapowasha ndipo ulipokandamiza. Spirit iache kinyozi asafishie vyuma vyake. Sisi ndio tuliowazoesha wateja kwamba bila kuwashwa hawajanyolewa, na tumekosea. Inakausha ngozi, nayo ngozi kavu inafunga mlango ambao unywele unautafuta. Paka mafuta mepesi yasiyo na manukato makali.

Lakini haya yote yasianze kesho. Shingo iliyokwisha kujaa vipele ukiipitishia wembe, hata Henson, unakata vichwa vya vipele. Unahitaji wiki tatu hadi nne bila wembe wowote. Zungumza na msimamizi wako, mwambie ukweli, na katika muda huo utumie mashine ya stima ikiacha kama milimita moja. Ukizichonga kingo vizuri, uso unaonekana nadhifu. Akikataa, nenda hospitali uandikiwe barua. Na kama vipele vina usaha, au kisogoni vimeanza kuwa vigumu na kuvimba kama makovu, hapo umeshapita mlango wa kinyozi. Muone daktari wa ngozi, na mapema, kwa sababu makovu ya kuvimba hayarudi nyuma kwa shabu.

Baada ya hapo, Rockwell 6C, sahani namba 2, wembe mpya, siku moja ndiyo, siku moja hapana kwa mwezi wa kwanza. Ikiwa bei au usafirishaji umekushinda, R89 au DE89, yoyote utakayoipata kwanza. Mkono ukiwa unatetemeka au una haraka ya matatu ya saa kumi na moja, Henson ya upole. Ukishindwa zote, ile ya River Road iliyopita mtihani wa pamba. Ukiipata, usiiangushe sakafuni: zile za aloi ya zinki zina msumari wa skrubu kwenye kofia unaokatika kama chaki, nami nimezika mbili kwa namna hiyo. Ifungue, isuuze, ianike vipande, usiiache imefungwa na maji ndani.

Wembe wako usimwazime mtu, hata ndugu wa tumbo moja. Nilipoanza kazi hii mwishoni mwa miaka ya 1990 wateja walikuwa wakija na wembe mfukoni, kila mmoja na wake, kwa kuogopa ukimwi, na walikuwa na haki. Homa ya ini ya B nayo hupita hapo hapo. Uliotumika usiutupe kwenye mfuko wa taka. Kuna mama anayechambua taka hizo Dandora kwa mikono mitupu. Chukua mkebe wa maziwa ya unga, toboa mwanya mwembamba kwenye kifuniko kwa kisu, kizibe pembeni kwa gundi, uwe unadumbukiza humo. Wangu upo chini ya sinki mwaka wa tisa huu, na haujajaa.